Semina za biashara ya mtandao

Semina za biashara ya mtandao ni mikutano ya mafunzo na hamasa inayoandaliwa na makampuni yanayouza bidhaa kupitia ngazi za wasambazaji, au na wasambazaji wakubwa wa makampuni hayo. Kwa kawaida hutangazwa kama mafunzo ya ujasiriamali, na mshiriki hutarajia kupata ujuzi wa kuuza, kutunza hesabu na kuendesha biashara ndogo. Mara nyingi hurudi nyumbani na hamasa ya siku chache, mfuko wa vitabu na rekodi alizonunua, na tiketi ya semina ifuatayo. Tofauti kati ya kilichoahidiwa na kilichotolewa imezaa malalamiko, kesi na sheria katika nchi mbalimbali tangu miaka ya 1960.

Neno "mtandao" katika jina hili halihusu intaneti, ingawa siku hizi mikutano mingi hufanyika humo. Linahusu mtandao wa watu: kila msambazaji huingiza wengine chini yake, nao huingiza wengine, na aliye juu hupata kamisheni kutokana na manunuzi ya walio chini. Neno "semina" nalo linaweza kupotosha. Kwa mtumishi wa umma nchini Tanzania, semina ni mahali ambapo mwalikwa hulipwa posho na nauli, hunywa chai na vitafunio, kisha hurudi kazini. Katika biashara ya mtandao mambo yamegeuzwa: mshiriki ndiye anayelipa kiingilio, nauli na malazi, na anayesimama jukwaani ndiye anayepokea.

Mwenendo wa semina

Mkutano wa kwanza huwa wa bure au wa kiingilio kidogo. Mwaliko hutoka kwa mtu anayefahamika: ndugu, jirani, mtu waliyesoma pamoja, muumini mwenzake. Mara nyingi jina la kampuni halitajwi mapema. Husemwa tu kwamba kuna "fursa" na kwamba maelezo yote yatatolewa ukumbini. Huko msemaji huchora miduara ubaoni, mmoja juu, kadhaa chini yake, na mingine chini ya hiyo, akionyesha jinsi fedha zinavyopanda. Kisha hufuata ushuhuda. Mmoja alikuwa muuguzi, mwingine dereva, mwingine mwalimu aliyechoka kusubiri mwisho wa mwezi. Sasa kila mmoja ana gari au nyumba, au amesafiri nje. Waliojaribu na kushindwa hawapewi kipaza sauti, kwa hiyo mgeni hana njia ya kujua ni wangapi.

Semina kubwa zina malipo. Hufanyika katika hoteli au viwanja vya michezo kwa siku mbili au tatu, kuanzia asubuhi hadi usiku mwingi. Wanaopanda ngazi huitwa jukwaani na kuvishwa pini. Katika makampuni mengi ngazi hizo zina majina ya madini na vito, kama fedha, dhahabu, zumaridi na almasi. Kuna muziki, vigelegele na machozi. Mtu aliyewahi kuhudhuria mkutano wa injili wa uwanjani hatapata shida kuutambua mpangilio wake.

Sehemu ya mafunzo, ikipimwa kwa saa, huwa ndogo. Kinachofundishwa kwa undani ni namna ya kuorodhesha majina ya watu wote unaowafahamu, namna ya kuwaalika bila kueleza mengi kwa simu, na namna ya kujibu pingamizi zao. Mafundisho mengine yanahusu moyo wa msambazaji mwenyewe. Anafundishwa kwamba anayekata tamaa ndiye anayeshindwa, na kwamba ndugu na marafiki wanaotia shaka ni "wezi wa ndoto" ambao ni afadhali kuwaepuka. Fundisho hili la pili lina madhara kuliko linavyoonekana. Mke anayeuliza fedha za ada zimekwenda wapi, au kaka anayetaka kuona daftari la mapato, huwa ameshahesabiwa kuwa adui kabla hajafungua kinywa.

Historia

Mpango wa kulipa kamisheni kwa ngazi ulianza Marekani katika miaka ya 1940, hasa katika mauzo ya virutubisho vya Nutrilite. Semina kama tunavyozijua leo zilikua katika miaka ya 1960, wakati biashara hii ilipokutana na mafundisho ya kujiamini na kufikiri chanya.

Mfano wa kutisha ni wa Holiday Magic, kampuni ya vipodozi iliyoanzishwa na William Penn Patrick huko California mwaka 1964. Mwaka 1967 Patrick aliongeza taasisi ya mafunzo ya uongozi iliyoitwa Leadership Dynamics, ambayo wasambazaji wa Holiday Magic walihimizwa kuihudhuria kwa malipo makubwa. Washiriki waliofungua mashauri walieleza kwamba walitukanwa mbele ya wenzao, walipigwa na kufungiwa ndani ya majeneza, yote kwa madai ya kuvunja woga uliokuwa ukiwazuia kufanikiwa. Habari za mafunzo hayo zilichapishwa mwaka 1972 katika kitabu The Pit cha Gene Church na Conrad D. Carnes. Patrick alikufa katika ajali ya ndege mwaka 1973. Alikuwa pia amenunua kampuni nyingine ya mafunzo, Mind Dynamics, ambako Werner Erhard alifundisha kabla ya kuanzisha semina zake maarufu za est mwaka 1971. Hivyo sehemu ya sekta nzima ya semina za kujiendeleza nchini Marekani ina ukoo mmoja na biashara ya ngazi.

Glenn W. Turner, mwana wa mkulima maskini wa South Carolina, alikwenda hatua moja mbele. Baada ya kampuni yake ya vipodozi ya Koscot, alianzisha Dare to Be Great, ambayo haikuuza sabuni wala poda: iliuza mafunzo yenyewe. Kozi zake ziliitwa "Adventure" na ziligawanywa kwa bei. Ya kwanza iligharimu dola 300 za Marekani, ya pili 700, ya tatu 2,000 na ya nne 5,000. Mnunuzi alipata kanda, vitabu na vikao vya pamoja, lakini aliyenunua kozi za juu alipata pia haki ya kuwauzia wengine kwa kamisheni. Mwuzaji wa kozi ya nne alibaki na dola 2,500 kwa kila mtu mpya aliyemleta katika kozi hiyo, yaani nusu ya bei.

Mwaka 1973 Mahakama ya Rufaa ya Marekani ya kanda ya tisa ilieleza mikutano hiyo kwa kirefu. Majaji waliifananisha na mikutano ya uamsho wa dini, isipokuwa iliyohubiriwa ilikuwa furaha ya fedha za haraka. Walieleza pia kwamba wauzaji walifundishwa kuvaa nguo za bei kubwa, kuendesha magari ya kifahari na kuonyesha mabunda ya noti hata kama hawakuwa na kitu, ili mgeni aamini. Mahakama iliamua kwamba kozi hizo kwa hakika zilikuwa uwekezaji unaopaswa kusajiliwa kama hisa, kwa kuwa mnunuzi hakuwa akilipia elimu bali matumaini ya faida kutokana na jitihada za waandaaji. Uamuzi huo bado hurejewa katika vyuo vya sheria. Kwa mwanafunzi wa jambo hili una thamani nyingine: ni mara chache mahakama imeeleza kwa uwazi hivyo kinachotokea ndani ya ukumbi.

Biashara ya vifaa vya mafunzo

Kampuni iliyojadiliwa zaidi katika suala hili ni Amway, iliyoanzishwa mwaka 1959 huko Ada, Michigan, na Jay Van Andel na Richard DeVos. Wote wawili walikuwa wasambazaji wa Nutrilite. Mwaka 1979 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliamua kwamba Amway si piramidi haramu, kwa sababu ilikuwa na kanuni za kununua tena bidhaa zisizouzwa na za kuwataka wasambazaji wauze kwa wateja halisi. Hata hivyo tume iliikuta na makosa ya kupanga bei na ya kutia chumvi mapato ya wasambazaji. Mwaka 1986 kampuni ililipa faini ya dola 100,000 kwa kukiuka agizo hilo katika matangazo yake.

Wakati huo biashara ya pili ilikuwa imekua pembeni. Wasambazaji wakubwa, maarufu kati yao Dexter Yager aliyejiunga mwaka 1964, walijenga mifumo yao ya mafunzo iliyo tofauti na kampuni mama. Mfuasi alihimizwa kununua kanda moja kila wiki, kitabu kimoja kila mwezi, na tiketi za mikutano mikubwa minne kwa mwaka, yenye majina kama "Usiku wa Ndoto" na "Siku za Biashara Huria". Sabuni ilikuwa na faida ndogo. Kanda na tiketi zilikuwa na faida kubwa, na faida hiyo iligawanywa kwa walio juu tu.

Hapa ndipo penye kiini cha malalamiko. Mtu aliyesimama jukwaani akieleza jinsi alivyotajirika kwa kuuza bidhaa alikuwa akipata sehemu kubwa ya kipato chake kutoka kwa waliokaa mbele yake wakimsikiliza. Wasikilizaji hawakuambiwa hivyo. Waliamini wanafuata nyayo za muuza sabuni, kumbe wanamfuata muuza tiketi, na wao hawakuwa na tiketi za kuuza. DeVos mwenyewe aliliona tatizo: mwaka 1983 aliwaonya viongozi wa wasambazaji, katika kanda, kwamba biashara ya vifaa inayozidi biashara ya bidhaa ingeweza kuwa piramidi haramu. Onyo hilo halikuuzuia mfumo kuendelea.

Mwaka 1985 Stephen Butterfield, mwalimu wa chuo huko Vermont aliyekuwa msambazaji wa Amway, alichapisha kitabu kuhusu maisha ndani ya mfumo wa Yager. Alieleza kwa utulivu jinsi mtu mwenye elimu yake anavyoweza kuimba na kupiga makofi pamoja na maelfu, kisha arudi nyumbani kwenye makabati yaliyojaa bidhaa alizonunua mwenyewe ili kutimiza kiwango cha mwezi.

Suala lilifika mahakamani kwa kishindo mwaka 2007, pale wasambazaji wa zamani walipofungua kesi California dhidi ya Quixtar, jina ambalo Amway ilitumia wakati huo Amerika Kaskazini, pamoja na baadhi ya wasambazaji wakubwa na kampuni zao za mafunzo. Walidai walishawishiwa kwa udanganyifu kulipia bidhaa na mafunzo. Mwaka 2010 kampuni ilikubali kumaliza shauri kwa dola milioni 56: milioni 34 fedha taslimu na milioni 22 kwa bidhaa. Haikukiri kosa.

Kisichofundishwa

Jambo linalowashangaza wengi baada ya semina ni hesabu ambazo hazikufanywa. Ubaoni husemwa kwamba inatosha kila mtu kuwaingiza watu sita. Hesabu hiyo ni ya kidato cha kwanza. Sita huleta 36, hao huleta 216, kisha 1,296. Katika ngazi ya kumi wanahitajika watu 60,466,176. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 Tanzania nzima, wakiwemo watoto wachanga na wazee. Ukijumlisha ngazi zote, kuanzia mtu wa kwanza hadi ya kumi, unapata zaidi ya milioni 72, na nchi imekwisha kabla ngazi haijajaa. Haina maana kwamba kila mpango hufika huko. Maana yake ni kwamba walio wengi katika mpango wowote wa aina hii lazima wawe katika ngazi za chini kabisa, ambako hakuna wa kuingizwa. Hilo halitokani na uvivu wao.

Hesabu ya pili isiyofanywa ni ya gharama. Faida ya msambazaji ni kamisheni baada ya kutoa kiingilio, manunuzi ya lazima ya mwezi, nauli, muda wa simu, vitabu na semina zenyewe. Hundi inayoonyeshwa jukwaani ni ya mapato kabla ya kutoa chochote. Mwalimu wa somo la biashara angemrudishia mwanafunzi daftari lenye hesabu ya namna hiyo.

Takwimu chache zilizotolewa rasmi zinaonyesha matokeo. Tume ya Biashara ya Shirikisho, katika shauri lake dhidi ya kampuni ya AdvoCare ya Texas, ilieleza kwamba mwaka 2016 asilimia 72.3 ya wasambazaji hawakupata malipo yoyote kutoka kwa kampuni. Asilimia 18 walipata kati ya senti moja na dola 250 kwa mwaka mzima, na asilimia 6 kati ya dola 250 na 1,000. Tume ilidai pia kwamba wasambazaji walifundishwa kutunga simulizi za kugusa moyo kuhusu shida zao za fedha za zamani, na kuwatia wageni hofu kwamba watajuta wakikataa. Mwaka 2019 AdvoCare ilikubali kulipa dola milioni 150 na kuacha kabisa mfumo wa ngazi. Ushuhuda ule unaofanana kutoka semina moja hadi nyingine, basi, haufanani kwa bahati.

Pale mshiriki anapolalamika kwamba hajapata kitu, jibu la mfumo huwa tayari: hajahudhuria vya kutosha, hajasikiliza rekodi zote, bado ana mawazo ya kimaskini. Dawa ya semina iliyoshindwa ni semina nyingine. Kwa sababu lawama zimewekwa kwa mshiriki mwenyewe, wengi huondoka kimya. Anayeona aibu hawaonyi wengine, hasa ikiwa aliwaingiza dada yake na jirani zake.

Utetezi

Makampuni na wasambazaji waliofanikiwa hutoa maelezo tofauti. Husema kuwa hamasa ni hitaji la kweli katika kazi ya kuuza, ambayo ina kukataliwa kwingi, na kwamba hakuna anayelazimishwa kuhudhuria. Ni kweli pia kwamba baadhi ya washiriki hujifunza kusema mbele ya watu, kupanga muda na kuvaa kwa heshima, na huendelea kunufaika na mambo hayo katika kazi nyingine. Wengine hupata urafiki. Kanuni za maadili za Shirikisho la Dunia la Vyama vya Uuzaji wa Moja kwa Moja zinawakataza wanachama kutoza ada za mafunzo zilizo kubwa kupita kiasi, ingawa kiwango chenyewe hakikutajwa.

Sheria

China imekwenda mbali kuliko nchi nyingi. Mwaka 1998 ilipiga marufuku uuzaji wa ngazi baada ya mikutano mikubwa ya hamasa kuambatana na utapeli na vurugu. Kanuni za mwaka 2005 ziliruhusu tena uuzaji wa moja kwa moja kwa masharti, na sehemu nzima inahusu mafunzo. Kampuni hairuhusiwi kutoza chochote kwa mafunzo au mtihani wa wauzaji. Mkufunzi lazima awe mwajiriwa wa kampuni kwa angalau mwaka mmoja, awe na shahada ya chuo na ujuzi wa sheria na masoko, na asiwe na rekodi ya uhalifu. Kwa masharti hayo, msambazaji tajiri anayejiita mkufunzi hana jukwaa la kisheria.

Nchini Uingereza, wizara ya biashara iliiomba mahakama mwaka 2007 kuifunga Amway nchini humo, ikitaja madai ya mapato yaliyokuzwa na uuzaji wa vifaa vya mafunzo. Jaji alikataa ombi hilo mwaka 2008, na rufaa ikashindwa mwaka 2009, kwa sababu kampuni ilikuwa imeshabadili taratibu zake na kupiga marufuku mikutano na vifaa vya hamasa visivyoidhinishwa nayo. Hata hivyo jaji alisema kwamba kwa miaka iliyotangulia kampuni iliwaacha wasambazaji waieleze biashara kwa upotoshaji bila kuwachukulia hatua madhubuti.

Afrika Mashariki

Makampuni ya kigeni ya biashara ya mtandao, kama Forever Living ya Marekani na Tiens ya China, yana wasambazaji Kenya, Tanzania na nchi jirani. Kitabu cha Robert Kiyosaki kinachofahamika kama Baba Tajiri, Baba Maskini, ambacho hapo mwanzo kilienea Marekani kwa msaada wa wasambazaji wa Amway, kinasomwa sana katika mikutano ya eneo hili pia.

Walimu, wauguzi na viongozi wa dini hutafutwa kwa bidii. Wana mshahara mdogo na marafiki wengi, na neno lao huaminiwa na wazazi, wagonjwa na waumini. Aliyeingia kwa njia hiyo hupoteza kitu kisichoandikwa kwenye risiti, kwa kuwa imani ya watu wake ndiyo mtaji aliotumia. Vijana waliomaliza chuo bila ajira ni kundi jingine. Wao huitwa kwa maneno yanayofanana na mwito wa usaili wa kazi, na hugundua ukumbini kwamba hakuna ajira.

Biashara ya mtandao yenye bidhaa halisi si sawa kisheria na upatu wa piramidi, kama ule wa DECI uliozimwa na serikali ya Tanzania mwaka 2009, ambao haukuwa na bidhaa na uliahidi kuzalisha fedha zilizopandwa. Wasemaji wa semina hutumia tofauti hiyo kama ngao, na huonyesha vyeti ukutani. Cheti cha BRELA huthibitisha kuwa kampuni imesajiliwa. Kibali cha mamlaka inayosimamia chakula, dawa au vipodozi huhusu ubora na usalama wa bidhaa. Hakuna kati ya hivyo kinachoeleza msambazaji wa kawaida hubaki na kiasi gani baada ya mwaka mmoja.